Milimita Mbili na Nusu za Mlango wa Moshi

Maishani mwangu nimeharibu mashine moja tu, lakini niliiharibu kwa hesabu. Wenzangu huharibu mashine kwa uzembe, kwa kusahau oili au kwa kuwaazima majirani. Mimi nilitumia rula ya kukokotolea, karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa vizuri, na mwaka mmoja na nusu wa masomo ya uhandisi ambayo wakulima wa pamba wa nchi hii, akiwemo baba yangu mzazi, walikuwa wamenilipia bila kuulizwa.

Mashine yenyewe ilikuwa chensoo ya baba yangu mdogo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ambayo mtu alikuwa akiona foleni anajiunga nayo kwanza, ndipo anauliza kinauzwa nini. Baba mdogo aliishi Ngokolo, pale Shinyanga mjini, katika nyumba iliyopakwa chokaa upande wa barabarani tu. Pande nyingine tatu, alisema, hazina wageni. Ujanani alikuwa kibarua wa karakana kule Mwadui, kwenye almasi, na huko ndiko alikojifunza kushika spana na kusikiliza injini. Baadaye alikata miti kwa ajili ya kiwanda kidogo cha mbao, na kiwanda kilipofungwa, mwenye kiwanda alimwachia chensoo. Tangu hapo, kila kiangazi aliipakia kwenye lori akaenda nayo Geita, kuwakatia wachimbaji wa dhahabu magogo ya kuegemeza kuta za mashimo yao. Wachimbaji waliliita shimo duara, na magogo hayo waliyaita matimba. Bila matimba, ukuta humshukia mtu aliye chini.

Chensoo ile haikuwa na rangi tena. Walioijua ikiwa mpya walisema ilikuwa nyekundu. Mimi niliikuta na rangi ya sufuria. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli, na kamba ya kuwashia ilikuwa ya katani, iliyosokotwa na baba mdogo mwenyewe. Silinda ilikuwa moja. Najua kwamba chensoo zote zina silinda moja. Ninachosema ni kwamba silinda ya aina ile ilikuwa moja nchini, kwa kadiri tulivyoweza kujua. Duka la vipuri la mjini lilikuwa na kaunta, karani na kalenda ya mwaka uliopita, basi.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa mtu wa mjini, wazee wake walitoka Ujiji, na katika kazi ile yeye ndiye aliyechanganya mafuta. Petroli ilipopatikana, alipima oili kwa kikombe cha kahawa, akamimina kwenye dumu, akatikisa, akafungua na kunusa. "Bado," alisema. Au, "Inatosha." Sikumsikia akikosea. Hadi leo nikipita mahali penye harufu ya petroli na oili, pua yangu inangojea na harufu ya vitumbua, kwa sababu alifanya kazi zote mbili asubuhi moja, uani palepale, kwa umbali ambao mtu wa zimamoto asingeukubali.

Hapa sina budi kueleza mlango wa moshi, nami nitajitahidi nisigeuke mhadhiri. Ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Ubavuni mwa silinda kuna tundu. Pistoni ikishuka hulifunua tundu lile, na moshi wa mafuta yaliyoungua hutokea hapo kwenda kwenye ekzosi. Mafundi wetu waliliita mlango wa moshi. Ukiupanua mlango huo kwa tupa, na hasa ukiuinua kwa juu, moshi hutoka mapema, injini hupumua vizuri na kuzunguka kwa kasi zaidi. Kila fundi wa pikipiki na wa chensoo alilijua hilo, na kila mmoja aliamini kuwa mwenzake analifanya vibaya.

Baba mdogo alilifanya hivi. Mwanzo wa kiangazi alifungua injini, akapaka masizi ya kibatari kwenye ukingo wa tundu ili aone tupa inapouma, kisha akapitisha tupa mara tatu. Mara tatu tu, akihesabu kwa sauti, kwa Kisukuma. Akasugua ukingo kwa kipande cha msasa kilichochakaa mpaka kikawa laini kama kitambaa. Akafunga mashine, akaenda kukata gogo nene, akasikiliza. Kama hakuridhika, alingoja kiangazi kijacho, akapitisha tena mara tatu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asimalize siku moja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapuliza chai ya moto.

"Kilichotoka, utakirudisha wewe?"

Mwaka ninaouzungumzia nilifika Ngokolo kwa likizo ndefu nikiwa na suruali pana, kitabu kinene cha injini, na maoni. Nilimkuta baba mdogo uani, amekaa kwenye kigoda, chensoo iko mbele yake juu ya gunia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, injinia. Kaa. Safari hii nina jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kundi kubwa la wachimbaji lilikuwa limefungua maduara mapya msituni, mbele ya Geita, na walitaka mkata matimba mmoja wa kukaa nao kiangazi kizima. Walikuwa wamemwita baba mdogo. Lakini walikuwa wamemwita na mtu mwingine, wa upande wa Kahama, mwenye chensoo mpya. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa Wasukuma wenzetu, waliona ni upuuzi kuchagua kwa maneno. Wakaamua kuchagua kama ngoma.

Kwa asiyetoka kwetu: baada ya mavuno, Wasukuma hushindana kwa ngoma, na wachezaji wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na pembe yake. Hakuna mwamuzi wala alama. Watu husimama wanapopenda, na wakichoka na huku wanahamia kule. Mwisho, aliye na watu wengi ndiye aliyeshinda, na mwingine anabaki kuwatukana wasikilizaji. Baba mdogo alikuwa Mgika, na ujanani kazi yake katika ngoma ilikuwa hiyohiyo ya kuvuta watu. Yule mtu wa Kahama alikuwa Mgalu. Basi wachimbaji walikuwa wamepanga magogo mawili, mstari wa majivu katikati, chensoo mbili zikate kwa pamoja, na watu wasimame watakako.

"Nikishindwa pale," baba mdogo alisema, "hakuna duara litakaloniita tena. Habari zinatembea. Mtu mzima mwenye mashine kuukuu, kashindwa mbele za watu. Nitarudi hapa niwe mzee wa barazani."

"Mume wa barazani mimi simtaki," mama mdogo alisema kutoka jikoni. "Kazi yake kuchafua vikombe."

Alicheka, naye baba mdogo akacheka, lakini nikaona mkono wake unapapasa ile chensoo kama mtu anayepapasa ng'ombe anayekohoa. Zaidi ya kazi ile hakuwa na kingine alichokipenda.

Mimi nikasema, "Baba mdogo, niachie mimi."

Nilifanya kazi siku mbili. Nilipima mwendo wa pistoni kwa njiti ya kiberiti na rula. Nilichora duara, nikagawa nyuzi, nikachora mchoro wenye mshale. Majirani walipita kutazama, nami niliinama zaidi. Jibu lilipotoka lilikuwa zuri sana: mlango wa moshi uinuliwe kwa milimita mbili na nusu, na upanuliwe kidogo pande zote mbili. Mizunguko ingeongezeka kuliko chensoo yoyote mpya. Nilimwonyesha mchoro. Aliutazama kwa muda mrefu, akaugeuza, akautazama tena.

"Hii ni ya kukata mti gani?"

"Mti wowote," nilisema.

"Mti wowote haupo."

Nilitabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile vizuri kuliko ninavyokumbuka siku ya mahafali yangu. Nikamweleza kuwa kanuni za injini hazichagui mti.

Mama mdogo alikuja na sinia la chai. "Mwanangu, hiyo silinda ni moja."

"Najua, mama mdogo."

"Mimi nakwambia tu. Ni moja."

Baba mdogo alikunywa chai yote kabla ya kujibu. Nadhani alijua. Leo nina umri aliokuwa nao siku ile, na nina hakika alijua, au angalau alihisi mikononi. Lakini alikuwa amewaambia watu wa Ngokolo nzima kwamba mwanawe anasomea mashine Dar es Salaam, na mwanawe alikuwa amekaa mbele yake na karatasi yenye mshale. Angesema nini? Alinipa tupa.

"Fungua," alisema.

Nilipitisha tupa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Sikuhesabu. Nilifuata mstari wa penseli, na masizi yalipoisha nikaona chuma kinang'aa, nikafurahi. Nilipomaliza nikaenda kunawa. Niliporudi nikamkuta baba mdogo ameishika silinda mapajani, anausugua ukingo kwa msasa wake, polepole, pande zote. Nikadhani ni mazoea ya kizee. Baadaye, katika mhadhara fulani mrefu, nilikuja kujua kwamba ukingo mkali ungeikwaza ringi ya pistoni na injini ingejivunja yenyewe kabla hatujatoka uani. Ile ndiyo kazi pekee iliyofanywa vizuri siku ile, na haikuwamo kwenye mchoro.

Tulipoiwasha, Ngokolo nzima ilitoka nje. Sijasikia mashine ikilia namna ile. Ya zamani ilikuwa na sauti ya mtu mzima anayeguna. Hii ilipiga yowe. Baba mdogo alikata tawi la mwarobaini lenye unene wa mkono, likaanguka kabla hatujaona limeguswa. Jirani mmoja alipiga makofi. Mimi nilisimama na mikono kiunoni, kama niliyezaa.

Baba mdogo aliipeleka kwenye kisiki kinene kilichokuwa kikitumika kupasulia kuni. Ilizama kidogo, ikakohoa, akaitoa upesi. Akaizima.

"Sasa?" nilimuuliza.

"Tutaona huko huko."

Tulisafiri kwa lori kupitia Kahama, juu ya magunia, tukila michembe na karanga. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Vinakuwa vigumu kiasi kwamba mtu akiwa navyo mdomoni haulizwi maswali, na kwa hilo navishukuru. Chensoo ilisafiri imefungwa kwa khanga ya mama mdogo, katikati yetu. Sehemu ile ilikuwa na misitu siku zile. Tulipita miti kwa miti, vivuli vikitupita usoni, na sikuwaza hata mara moja kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kuisha.

Uwanja ulikuwa tayari. Magogo mawili ya mkurungu, mti mgumu wenye moyo mwekundu, yalikuwa yamelala, kila moja nene kupita kiuno cha mtu. Kila mkataji alitakiwa kutoa vipande vitano. Filimbi ya kwanza kuanza, filimbi ya mwisho mmoja akimaliza; kisha watu wahesabiwe, kila upande wa mstari wa majivu. Yule Mgalu alikuwa ameshafika. Mtu mfupi, mpana, shingo hana, na chensoo yake ilikuwa bado na rangi yake ya machungwa.

"Mzee wa Kigika," alisema, "umekuja na mashine au umekuja na kaburi lake?"

"Nimekuja na la kwako," baba mdogo alijibu. "Nimelipima, ila upana nilikosea. Sikujua kuwa umenenepa."

Watu wakacheka. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuanza.

Filimbi ikalia. Baba mdogo alivuta kamba mara moja tu, chensoo ikapiga lile yowe lake, na uwanja wote, nasema kweli, ukahama. Wanaume waliokuwa wamesimama na yule Mgalu waliruka mstari wa majivu kama mbuzi waliofunguliwa. Wanawake waliokuwa wakiuza uji waliacha masufuria. Mimi nilianza kuandaa moyoni barua ya kumwandikia mwalimu wangu.

Kisha upanga wa chensoo ukafika katikati ya gogo, na injini ikafa.

Aliivuta tena. Yowe. Akaipeleka kwenye mti, ikazama kidogo, ikafa. Hapo ndipo nilipoelewa, papo hapo, nimesimama kwenye vumbi la mbao. Niliufungua mlango wa moshi mapema mno. Injini ilikuwa na nguvu ikiwa juu, inazunguka huru, haina mzigo. Mti ukiishika na kuivuta chini, ilikuwa haina kitu; pumzi yote ilishatoka mlangoni. Nilikuwa nimepiga hesabu ya chensoo inayokata hewa.

Upande wa pili, mashine ya yule Mgalu ilikuwa ikiguna vilevile, bila haraka, na kipande cha kwanza kikaanguka.

"Wagika wameleta jogoo!" mtu alipaza sauti. "Anawika tu!"

"Mzee, ipe ugali!"

Watu wakaanza kurudi. Mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakiruka mstari na kucheka. Baba mdogo alikuwa ameinama, anavuta kamba. Aliinua kichwa mara moja akanitazama. Sikuona hasira, na ningependelea niione. Alikuwa akiniuliza kama kuna jambo lingine kwenye karatasi yangu ambalo hakuliona. Nilitikisa kichwa.

Akaiwasha. Safari hii hakuizamisha. Aliigusisha kwenye mti kwa ncha tu, akaitoa kabla haijashikwa, akagusa, akatoa, akagusa pembeni, akatoa. Kila alipotoa, injini ilipanda juu na kupiga yowe, na kila alipogusa, vumbi jekundu liliruka. Kugusa na kutoa, kugusa na kutoa. Nilidhani anahangaika. Halafu nikasikia. Alikuwa anapiga ngoma. Kidole chake kwenye kitufe cha mafuta kilikuwa kikifuata mapigo yaleyale ambayo kila mtoto wa Usukuma ameyasikia mgongoni mwa mama yake: mbili ndefu, tatu fupi, pumziko. Akalizunguka gogo akiyapiga, magoti yamekunjwa, mabega yanatikisika, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini na chensoo mikononi.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mtu akaanza kukanyaga ardhi. Halafu uwanja mzima ukakanyaga, na vumbi likapanda, na watu wakaja. Walikuja Wagika, wakaja Wagalu, wakaja na wale walioapa asubuhi kuwa hawaondoki upande wao. Mwenye duara, mkuu wa wachimbaji, aliyekuwa na filimbi, alicheza nayo mdomoni.

Yule Mgalu hakuinua kichwa. Alikata kama mtu mwaminifu. Kipande cha tano kilipoanguka, filimbi ikalia, akazima mashine, akajifuta jasho, akageuka nyuma. Alikuwa na mtu mmoja: mzee aliyekaa juu ya mzigo wake, akitazama mbao kwa utulivu. Baadaye tuliambiwa alikuwa kiziwi.

Baba mdogo alikuwa na vipande viwili, na cha tatu kilikuwa kinaning'inia.

"Nimemaliza mimi!" yule Mgalu alisema. "Tazameni gogo!"

"Hatukusema gogo," mwenye duara alijibu, akihema. "Tulisema watu."

"Basi huyu kaja na dawa!"

Wachezaji wa ngoma husingiziana dawa ya kuvuta watu tangu enzi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Baba mdogo alinyoosha kidole kwangu.

"Dawa yangu ile pale. Inasoma chuo kikuu."

Sijapata kutazamwa kwa heshima kama nilivyotazamwa dakika ile, na sikuistahili hata kidogo. Watu watatu walinizunguka kabla sijapata pa kujificha. Mmoja alitaka nimfungulie pikipiki. Mwingine alikuwa na mashine ya kusaga unga, kijijini kwake, akaomba niifanye ilie namna ile. Nikamwambia nahitaji kwanza kupiga hesabu. Lilikuwa jibu la kitaaluma; lilimaanisha kwamba naondoka kesho.

Lakini baba mdogo alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja. Aliwanyamazisha watu kwa mkono.

"Kazi nimeipata," alisema. "Basi naomba huyu bwana abaki nami. Yeye akate magogo, mimi nikate matawi na fito."

Yule Mgalu alimtazama. "Kwa hiyo nimeshindwa, ndiyo maana napewa kazi ngumu?"

"Ndiyo."

"Na wewe uliyeshinda unakata vijiti?"

"Ndiyo. Kwa ngoma."

Mwenye duara alisema kuwa kuwalisha wawili ni vigumu, lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka tena, na yule Mgalu naye alikuwa anacheka, mabega yote yanacheka kwa kuwa shingo hana. Ikawa hivyo.

Jioni tulikaa juu ya kile kipande cha tatu kisichokatika. Baba mdogo alikuwa anamenya karanga.

"Ulipiga hesabu ya nini?" aliniuliza.

"Ya mizunguko."

"Ya mti hukupiga."

"Sikupiga."

"Haya." Akanipa karanga. Akamenya nyingine, akasema, "Ningeweza kuchukua kazi yote peke yangu. Lakini kwa mashine hii, siku moja nitachoka, nitapeleka fimbo mahali panapotaka gogo. Na chini kuna watu." Kisha akaongeza, "Mama yako mdogo usimwambie."

Nilirudi Ngokolo peke yangu na ile khanga. Mama mdogo aliipokea, akaikunja.

"Nilijua tangu siku ile uani," alisema. "Mashine yenye nguvu hailii hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema silinda ni moja. Ulitaka niseme mara ngapi?"

Wale wawili walikata matimba pamoja viangazi vyote vilivyofuata. Na inanibidi nikiri jambo dogo kwa faida ya sayansi: kwa matawi, chensoo ile ilikuwa haina mfano. Ilipita kwenye matawi kama kisu kwenye papai. Nilipokuja likizo nyingine niliwaona kazini, yule Mgalu ameinama kwenye shina, anaguna na mashine yake, na baba mdogo anamzunguka kwa yowe na mapigo, akimwambia awahi, jua linazama na yeye bado ananenepa. Hawakuitana kwa majina tena. Walikuwa wakiitana Gogo na Watu.

Uhandisi niliumaliza, kwa alama za kutosha kutofukuzwa. Lakini sikushika tupa tena. Nikaishia kwenye kuandika makala, kazi ambayo ukizidisha unaweza kufuta. Niliwahi kumsomea baba mdogo moja ya makala zangu za mwanzo, barazani kwake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umeandika kwa ajili ya nani?"

Nikasema, kwa msomaji yeyote. Alinitazama tu juu ya kikombe, na mimi nikaichukua karatasi nikaanza upya.

Alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, kwa homa fupi, kiangazi, chensoo ikiwa tayari imefungwa kwa safari. Mazishini watu walijaa uani, wakajaa barabarani, wakafika hadi pande zile za nyumba zisizo na chokaa. Walikuja wachimbaji na tope la Geita bado liko viatuni. Mama mdogo alikaa mkekani na wanawake wenzake. Nilipoingia kumpa mkono, vidole vyake vilinukia petroli. Alikuwa amechanganya dumu la safari siku moja kabla ya homa.

Yule Mgalu nilimwona amesimama peke yake ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka, na shingo yake, ajabu, ilikuwa imeanza kuonekana. Nikamwamkia nikiwa upande wa nyumba. Alikuwa anatazama ule umati wa watu.

"Unaona?" alisema. "Mpaka leo ananishinda."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. Nikavuka barabara nikasimama nyuma yake, ili awe na mtu.